Mkwe Wangu na Simu ya Upepo

Mkwe wangu hanipendi na mimi simpendi, na Usinge nzima inalijua hilo. Tungeweza kuishi hivyo hivyo mpaka mmoja wetu azikwe, kama wanavyoishi wengi, kila mtu kwake, tukionana misibani na kwenye ubatizo basi. Kilichotuharibia ni simu ya upepo iliyowekwa sebuleni kwangu.

Kikundi chetu cha wafuga nyuki kina mizinga ndani kabisa ya msitu, huko ambako simu ya mkononi kazi yake ni tochi. Wanaume wakienda kurina wanakaa kambini siku nyingi, na sisi huku nyumbani tunabaki kukisia. Mwenzetu mmoja aliwahi kuugua ghafla huko, akabebwa kwenye machela ya miti, na waliombeba walipofika barabarani walikuwa wamebeba maiti. Baada ya mazishi yake nikasimama kwenye mkutano nikasema tununue redio za upepo. Wazee wakanicheka. Mmoja alisema babu zake walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka huku mpaka pwani, njia nzima kwa miguu, na hakuna aliyemwambia mwenzake "ova". Nikamjibu kwamba ni kweli, na wengine wao mpaka leo hatujui walizikwa wapi. Hakucheka tena, na tangu siku ile nisipomsalimia mimi yeye hanisalimii.

Redio zikanunuliwa. Leseni niliifuatilia mimi pamoja na mwenyekiti, tukapewa masafa na masharti yake, na kila redio ikakaguliwa. Moja ikawekwa kambini, moja kwenye trekta la kikundi, mbili ndogo zikawa za kutembea nazo mizingani, na ile kubwa yenye antena ndefu ikaletwa kwangu. Haikuletwa kwa mapenzi. Ililetwa kwa sababu ujana wangu nilikuwa mpokea simu ya upepo katika shirika moja la misaada lililohudumia makazi ya wakimbizi, na katika kikundi hakuwepo mwingine aliyejua kazi ile.

Aliyenifundisha alikuwa mkali kuliko mimi, na mimi si mpole. Alikuwa akinipiga vidole kwa rula nikibonyeza kitufe kabla ya kusikiliza kama kuna mtu anaongea. Alinifundisha kusema kwa ufupi, kusema mimi ni nani na namwita nani, kunyamaza mara moja nikisikia mwenye dharura, na kutomtajia mtu hewani jambo ambalo nisingependa mwizi alisikie. Antena haishikwi redio ikiwa inarusha sauti. Mvua ikianza kukusanyika, waya wa antena unachomolewa na kutupwa nje, maana radi za huku kwetu hazibishi hodi. Yote hayo niliyaandika kwa kalamu nene kwenye karatasi nikaibandika ukutani juu ya redio, na chini yake nikaongeza masharti ya leseni: hakuna muziki, hakuna matangazo ya biashara, hakuna matusi wala lugha ya aibu.

Wenzangu wa kikundi walinichosha. Sijui kwa nini mtu mzima akishika kipaza sauti anakuwa mtoto. Wa kwanza alikuwa anaanza na mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, anauliza habari za wazazi, za watoto, za shamba, za ng'ombe, na wakati wote huo kidole kiko kwenye kitufe, hivyo hata kama nyumba ingekuwa inaungua nisingeweza kumwambia. Nikimkatiza anasema sina adabu. Mwingine alianza mahubiri. Dereva wa trekta ndiye aliyenipandisha presha siku aliyotangaza kwamba anatoka msituni na ndoo zote za asali, yuko peke yake, na anapitia njia ya bondeni. Nikamuuliza kama anataka niwatajie majambazi na rangi ya trekta, kama hawajaijua. Masafa yale hatukuwa nayo peke yetu. Tuligawana na wakata mbao na madereva wa malori ya tumbaku, nao wana leseni zao, na kila tulilosema walilisikia kama tuko nao mezani.

Kwa hiyo walinichukia kidogo kidogo, nami nikazoea. Wakija kuniomba nichaji betri zao kwenye sola yangu wanatabasamu. Wakiondoka wananiita Polisi.

Sasa mkwe. Aliposema anamtaka binti yangu nilikataa, na sababu nilizitoa waziwazi: anajua kuongea kuliko kufanya kazi, na hawezi kuambiwa. Binti akalia, ndugu zangu wakanisema, mahari ikapokelewa. Tangu hapo tukaingia kwenye ukwe wenyewe, kama unavyojulikana kwetu. Mkwe hampi mama mkwe mkono. Halali nyumba moja naye, hali mbele yake, hamtazami usoni. Akija kwangu anakaa nje, mbali na mlango, ameelekea barabarani, na mazungumzo yetu yanapitia kwa binti. Namwambia binti mwulize mumeo kama kwao ni wazima, na yeye aliyenisikia vizuri kabisa anangoja binti ayarudie ndipo ajibu. Sina ugomvi na mila hiyo. Mtu msiyependana naye, ni raha kutotazamana.

Lakini kwenye redio mwanzoni aliongea nami bila shida. Alikuwa anabonyeza, anasema shikamoo mama, kambi ni salama, ova. Namjibu marahaba, nimekupata, ova. Wala hakuna aliyeona tumevunja mila, kwa kuwa hatukuonana. Ilikuwa hivyo mpaka alipokwenda Ipuli kumsalimia shangazi yake akarudi na busta.

Busta ni kidude cha kuongeza nguvu ya redio. Alikinunua kwa fundi wa mjini, hakina karatasi, hakikukaguliwa na mtu, na leseni yetu inakikataza. Akakifunga kwenye redio ya kambi bila kumwambia mwenyekiti. Sauti yake ikawa inaingia kwangu inapasuka, na watu wa mbali ambao hatukuwahi kuwasikia wakaanza kuja hewani kulalamika kwamba kuna mtu anawafunika. Mkata mbao mmoja alisema mgonjwa wao alikuwa akisafirishwa na hawakuweza kuelewana na gari kwa sababu ya huyo mpiga kelele wa Usinge. Nikajua ni nani. Nilikwenda kwenye mkutano nikamtaja mbele ya watu, nikasema kikundi kitanyang'anywa leseni na redio zote kwa ajili ya ujinga wa mtu mmoja. Mwenyekiti akamwamuru akifungue kidude mwenyewe pale pale. Alikifungua amekaa kwenye benchi, bisibisi mkononi, wanaume wenzake wanatazama, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma nikiona nimeshinda.

Siku ya pili yake akakumbuka mila. Alisema si vizuri mkwe kusemeshana na mama mkwe hewani, tena mbele ya malori. Wazee, na hasa yule wa pembe za ndovu, wakaitikia kwamba kijana ana heshima. Mila ile ile iliyokuwa imelala muda wote yeye akiwa na busta sasa ikaamka na kunawa uso. Ikaamuliwa kwamba salamu na taarifa zake zipitie kwa mpishi wa kambi, mtu mzima mtaratibu ambaye hakuwa na ukwe na yeyote.

Ndipo ukaanza mchezo ule. Namwita aliyeko mizingani. Mkwe anajibu kwa redio yake ya mkononi, "Mpishi, mwambie mama tumefika kwenye mizinga ya juu." Nimemsikia, kila mtu amemsikia. Halafu mpishi kutoka kambini anabonyeza, "Mama, anasema wamefika kwenye mizinga ya juu." Najibu, "Mpishi, mwambie nimesikia." Na mpishi anamwambia nimesikia. Maneno machache yanachukua muda wa kuchemsha chai. Mara nyingine, nikiwa naongea na mtu mwingine kabisa, nilikuwa nasikia kitufe kikibonyezwa na kuachwa, kikibonyezwa na kuachwa, kukata sauti yangu. Nilijua ni kidole cha nani. Huwezi kumshtaki mtu kwa mlio, na yeye alilijua hilo.

Nilimwambia binti kwamba siku moja upuuzi huu utatuletea maiti nyingine. Binti wakati huo alikuwa kwangu, amekuja kujifungulia mtoto wake wa kwanza nyumbani kwa mama yake kama ilivyo desturi, na mtoto alikuwa bado mchanga. Akanijibu kwamba mimi ndiye niliyemwaibisha mumewe kwanza. Siku kadhaa hatukusemeshana vizuri, tukipokezana mtoto bila neno.

Asubuhi ya mkasa wenyewe binti alikuwa amempeleka mtoto kliniki. Nilikuwa peke yangu sebuleni, nabangua karanga, redio iko wazi. Kambini walikuwa wachache. Trekta lilikuwa limeondoka na wengine kuelekea barabarani, amebaki mkwe wangu na mpishi. Kuna sheria kwamba hakuna mtu anayepanda mti peke yake, na hiyo si sheria ya leseni, ni sheria ya watu wenye akili. Mpishi alipokwenda kisimani kuchota maji, mkwe wangu akachukua redio ya mkononi, akafunga panga kiunoni bila ala, akaenda kuuweka sawa mzinga uliokuwa umeinama kwenye mti wa mninga.

Nilichosikia mimi kwanza ni kile kitufe. Kikabonyezwa, kikaachwa. Kikabonyezwa tena. Nikaacha karanga nikachukua kipaza sauti nikasema kwa ukali kwamba anayechezea redio aache, masafa si kichezeo cha mtoto, ova. Kikabonyezwa tena, na safari hii hakikuachwa upesi. Ndani yake nikasikia nyuki.

Mimi ni mtoto wa mrina asali. Nyuki waliotulia nawajua na nyuki waliokasirika nawajua, na hawa walikuwa wamekasirika, karibu kabisa na kile kipaza sauti. Halafu nikasikia pumzi ya mtu. Nikauliza ni nani. Nikauliza tena, nikataja vituo vyote kimoja kimoja. Ndipo sauti yake ikaja, ndogo, imekauka.

"Mpishi, mwambie mama nimeanguka."

Akaachia kitufe akangoja. Nami, Mungu anajua, nilingoja kidogo pia, kwa mazoea tu, kipaza sauti kikiwa mkononi. Mpishi hakujibu. Mpishi alikuwa kisimani. Ikaja tena ile sauti, "Mpishi, mwambie mama nimeumia, damu haikati," na kimya kikafuata kile kile, na nikaelewa kwamba mtu huyu atalala chini ya mti ule akimngoja mpishi ayarudie maneno ambayo mimi nimeshayasikia.

Nikamwambia mpishi hayupo, aseme na mimi. Nikamwuliza damu inatoka wapi. Akasema mguuni. Nikamwuliza mguuni wapi, chini ya goti au juu. Nilisikia nyuki, nikasikia anahema. Nikauliza tena, na hapo akasema juu, kisha akasema mpishi akija ataeleza.

Niliyajua yaliyompata. Panga lisilo na ala, mtu ameanguka kutoka juu nalo kiunoni, linaingia mahali ambapo mkwe hamtajii mama wa mkewe. Na mahali hapo ndipo penye mshipa mkubwa. Kule makazini niliwahi kupokea simu nyingi za watu waliokatwa hivyo, na nilikuwa nikirusha maneno ya tabibu neno kwa neno, kwa hiyo niliyajua kwa moyo. Nilijua pia kwamba mtu akianza kuongea taratibu na kwa adabu namna ile, hana muda.

Nikabonyeza kitufe. Wakata mbao wako hewani, malori yako hewani, trekta la kikundi liko hewani na wanaume wote juu yake.

"Baba, vua suruali."

Aliyejibu ni mwingine, sijui wa lori gani. Akabonyeza akacheka, akauliza huyu mama anasemaje asubuhi hii. Mwenzake akadakia kwamba hata wao wavue. Wakaanza kupokezana kucheka, na kwa kuwa redio ni mtu mmoja kwa wakati mmoja, kila kicheko chao kilikuwa kimekalia koo la mkwe wangu. Hata kama alikuwa ananijibu, sikuweza kumsikia. Sijawahi kuwachukia watu nisiowajua kama nilivyowachukia wale. Nilingoja pumzi yao ya kwanza nikaingia.

"Nyamazeni nyote. Kuna mtu anakufa."

Masafa yakawa meupe. Nikamwita tena, nikamwambia avue suruali au aichane, aangalie damu inaruka kutoka wapi, avue na shati, alikunje, aliweke hapo hapo, akandamize kwa ngumi kwa uzito wake wote na asiache hata nyuki wakimla. Nilipataja mahali penyewe kwa jina lake. Sikutafuta jina la heshima, kwa sababu majina ya heshima hayaeleweki na mtu anayevuja damu. Nikamwambia anijibu kwa kitufe tu, abonyeze mara moja akiwa ameshika. Nikangoja. Kikabonyezwa.

Kisha nikamwita dereva wa trekta, ageuze, aende kwenye mti wa mninga ulio upande wa kisima, maana ule mzinga ulioinama ulikuwa umetajwa hewani tangu jana yake. Alianza na "Shikamoo mama," na kwa mara ya kwanza maishani sikuitikia shikamoo ya mtu. Mkata mbao mmoja akaingia kwa sauti nyingine kabisa, akasema gari lao dogo liko jirani na litafika kabla ya trekta, na nikampa njia. Kila baada ya muda mfupi nilikuwa namwambia mkwe wangu abonyeze, naye anabonyeza. Ikafika mahali hakubonyeza. Nikamtukana. Nililosema sitaliandika, lilikuwa la Kinyamwezi na lilimhusu mama yake. Akabonyeza.

Mpishi ndiye aliyefika kwanza. Alirudi na maji, akasikia redio ya kambi ikiongea peke yake, akaacha ndoo akakimbia. Alimkuta amelalia ngumi yake mwenyewe, uso umevimba kwa nyuki hadi macho hayaonekani, redio iko mkononi, kidole gumba kimeganda juu ya kitufe. Gari la wakata mbao likamfikisha kituo cha afya, na kutoka hapo akapelekwa hospitali mjini Tabora. Daktari alimwambia binti yangu kwamba kama si ile ngumi tungekuwa tunazungumzia mengine.

Binti alirudi kutoka hospitali amechoka, akamchukua mtoto, akakaa. Nilidhani atanishukuru. Akaniambia, "Mama, ungemwambia kwa lugha nyingine." Nikamwuliza lugha gani. Akasema hajui, lakini nyingine. Nikaingia jikoni nikagonga masufuria yangu mpaka hasira ikapungua.

Maana huku nje habari ilikuwa imeshatembea. Madereva wa malori walikuwa wameipeleka Kaliua, Urambo, mpaka stendi ya Tabora. Mkwe wangu alipotoka hospitali, akiwa na magongo, kondakta wa basi alimwuliza kama yeye ndiye Baba Vua, na basi zima likamgeukia. Alipofika sokoni kwetu vijana wa bodaboda walimwita hivyo wakiwa mbali. Jina likamganda. Mpaka leo ukiuliza kwake ni wapi kwa jina lake la ubatizo, utazungushwa. Ukisema Baba Vua unapelekwa mpaka mlangoni.

Wakwe zangu walikuja kwa ujumbe, wamevaa vizuri. Walisema wamenusurika msiba na wanamshukuru Mungu, kisha wakasema mimi nimemvua nguo mtoto wao mbele ya nchi, na nimemtaja mama yake kwa neno ambalo halisameheki bila mbuzi. Nikawauliza mbuzi ni wa suruali au wa neno. Wakasimama wakaondoka bila kunywa soda zao. Soda tukanywa mimi na jirani.

Baada ya hapo ukaitishwa mkutano wa kikundi. Mwenyekiti alikuwa amekuja kwangu kabla, mimi nikiwa shambani, akaibandua ile karatasi yangu ukutani, na sasa akaisoma mbele ya watu kwa miwani yake: hakuna matusi wala lugha ya aibu. Akauliza kama mwandiko ni wangu. Nikasema ni wangu. Akasema sheria ni msumeno, na kwamba kikundi hakiwezi kumwajibisha kijana kwa busta halafu kikamwacha mama mkwe wake kwa matusi. Nikasema masharti hayo hayo yanasema dharura inatangulia kila kitu. Yule mzee wa pembe za ndovu akasema dharura haina haja ya kutaja viungo. Nikamwuliza yeye angesema afunge wapi. Akasema angesema "huko". Watu wakaguna kwa kukubali, na hapo nikajua wameshaamua.

Mkwe wangu alikuwepo. Amekaa mwisho, amenipa mgongo kama mila inavyotaka, magongo yameegemezwa ukutani, binti yangu kando yake na mtoto mgongoni. Mwenyekiti akamwuliza kama ana neno. Akasema, akimtazama mpishi, kwamba mpishi amwambie mama hivi: yeye hana la kusema juu ya siku ile, ila hawezi kukaa msituni tena huku akisikia sauti hiyo kwenye redio. Mpishi akanigeukia ayarudie. Nikamwambia asijisumbue.

Mwenyekiti akasema wanaotaka redio ihamishwe kutoka kwangu wanyooshe mikono. Ikanyooshwa mmoja mmoja, ya wazee kwanza, kisha ya dereva wa trekta aliyenitazama kwa aibu, kisha mingine. Binti yangu hakunyoosha. Alikuwa anamtikisa mtoto, anatazama chini.

Mkwe wangu alinyoosha. Akautoa mkono wa kulia akaupandisha juu ya kichwa chake, una alama za nyuki hadi kwenye kiwiko, vidole vyote vinacheza. Niliutazama muda mrefu kuliko mingine. Ndio huo uliokuwa umekaa juu ya jeraha nikiuambia usitoke. Nilikuwa namchukia vile vile nilivyokuwa namchukia tangu alipokuja kumtaka binti yangu, na moyoni nilikuwa nasema asante Mungu, ana damu ya kuupandisha mkono huo. Mwenyekiti akahesabu, akasema imepita. Nikaenda nyumbani kuchomoa waya wa antena.